Kubaki Hai Peke Yako Porini Baada ya Janga: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hurudi kila watu wanapozungumzia ndege iliyoanguka msituni, mafuriko yaliyosomba daraja, au tetemeko lililofunga njia ya mlimani na kumwacha mtu upande usio na watu. Majibu yameandikwa kwa ajili ya mtu aliye peke yake, asiye na mafunzo maalumu na mwenye vitu vichache mfukoni. Kila jibu linajitegemea. Pale jambo liliposhaelezwa kwingine, utaelekezwa kwa namba ya swali.

## Saa za kwanza

1. Nimenusurika na niko peke yangu. Nianze na nini?

Ondoka kwanza kwenye kile kinachoendelea kuua: mafuta yanayovuja, maji yanayopanda, mteremko unaomeguka, mti uliong'oka nusu. Ukifika mahali salama, keti kitako na usiinuke mpaka pumzi itulie. Wengi huharibu kila kitu katika dakika hizi. Hofu inashika miguu kabla ya kichwa, mtu anakimbilia anakodhani kuna barabara, na baada ya saa moja hajui tena hata ajali ilitokea upande gani.

Ukishatulia, jikague. Pitisha viganja mwilini kuanzia utosini hadi nyayoni, ndani ya nguo, kisha vitazame kama vina damu. Usingoje maumivu yakwambie, kwa sababu mshtuko huyaficha. Juliane Koepcke, msichana wa miaka 17 aliyeanguka na ndege katika msitu wa Amazoni nchini Peru tarehe 24 Desemba 1971, alitembea msituni akiwa amevunjika mtulinga.

Halafu toa kila kitu mfukoni na kwenye begi, ukitandaze juu ya nguo ukione. Kamba za viatu, miwani, mfuko wa plastiki na kopo tupu vyote vina kazi, na utavikuta tena katika majibu ya chini.

2. Ni kitu gani kitaniua kwanza?

Waokoaji hufundisha kanuni ya tatu-tatu: dakika 3 bila hewa, saa 3 bila kinga katika hali mbaya ya hewa, siku 3 bila maji, wiki 3 bila chakula. Hivi si vipimo vya maabara. Jua kali na kazi nzito hufupisha sana hizo siku 3 za maji. Faida ya kanuni ni kukupangia foleni: pumzi na damu, kisha kinga dhidi ya baridi au jua, kisha maji, na tumbo mwisho kabisa. Anayemaliza alasiri ya kwanza akitega sungura huku wingu la mvua linajikusanya, foleni yake ameigeuza.

3. Nibaki nilipo au nitembee kutafuta watu?

Baki, isipokuwa una sababu nzito ya kuondoka. Waokoaji huanzia pale ulipojulikana kuwapo mara ya mwisho, na mabaki ya ndege, gari au mashua huonekana kutoka angani kwa urahisi kuliko mtu mmoja chini ya miti. Ukitembea unapanua eneo wanalopaswa kulipekua, na unatumia maji na nguvu ambazo huna pa kuzirudishia.

Kubaki nako hakuna dhamana. Ndege ya Uruguay iliyoanguka katika milima ya Andes tarehe 13 Oktoba 1972 ilikuwa nyeupe juu ya theluji nyeupe, na walioitafuta kutoka angani hawakuiona. Manusura wenyewe walisikia kwenye redio ndogo kwamba utafutaji umesitishwa. Mwezi Desemba, Nando Parrado na Roberto Canessa walitembea takribani siku 10 kuvuka milima hadi wakakutana na mfugaji upande wa Chile, na watu 16 wakaokolewa siku 72 baada ya ajali. Lakini tazama walivyoondoka: hawakukurupuka. Walingoja baridi ilegee, wakashona mfuko wa kulalia kwa vitambaa vya kuzuia baridi walivyovitoa kwenye ndege, wakawatuma wenye nguvu.

Kwa hiyo ondoka ikiwa mahali penyewe panahatarisha maisha, ikiwa hakuna maji na unajua yalipo, au ikiwa siku zimepita bila dalili yoyote ya kutafutwa na miguu bado inakubeba. Acha ujumbe unaoonekana: jina lako, tarehe na saa, hali yako, unakoelekea. Panga mshale wa mawe au magogo. Njiani vunja matawi na funga vitambaa, ili anayekufuata akufikie nawe uweze kurudi ukikwama.

4. Je, kama hakuna mtu anayejua niliko?

Hapo subira yako iwe na kikomo. Aron Ralston, aliyebanwa mkono na jiwe katika korongo la Bluejohn huko Utah, Marekani, mwaka 2003, hakuwa amemwambia mtu anakokwenda. Alijua hakuna atakayekuja kwa wakati, na baada ya siku 5 aliukata mkono wake ili atoke.

Ila janga kubwa lina tofauti na mtu kupotea matembezini. Baada ya mafuriko au tetemeko, ndege na helikopta hupita kukagua uharibifu hata kama hakuna anayekutafuta kwa jina. Tengeneza ishara (swali la 22), jenga kinga, na fikiria safari ungali na nguvu.

## Baridi, jua na mahali pa kulala

5. Hapa si nchi ya theluji. Nahitaji kibanda cha nini?

Joto la mwili ni karibu 37°C. Likishuka chini ya 35°C uko hatarini, na hilo halihitaji theluji: nguo zilizolowa, upepo na usiku wa 10°C vinatosha. Maji hunyonya joto la mwili takribani mara 25 kuliko hewa. Kamua nguo zilizolowa, vaa iliyo kavu karibu na ngozi, na jaza majani makavu katikati ya nguo mbili hata kama yanawasha.

Jua dalili zake ungali na akili timamu. Vidole vinashindwa kufunga kifungo, ulimi unakuwa mzito, miguu inajikwaa pasipo na kitu. Kutetemeka kunachosha, lakini ndivyo mwili unavyojipasha. Kukikoma kabla hujapata joto, hali imekuwa mbaya, na wakati huohuo kichwa kinaanza kukudanganya kwamba umepata nafuu. Kwa sababu hiyo kinga hujengwa mchana, kabla hujaihitaji.

6. Kibanda kinachofaa kinajengwaje?

Kiwe kidogo. Wengi hujenga chumba, kisha wanalala wakipasha hewa tupu. Kibanda kinachotunza joto ni kama kiota: unaingia kwa kutambaa, na ukilala mabega yanakaribia kugusa pande zote.

Anza na kitanda, maana ardhi hunyonya joto usiku kucha. Kusanya majani makavu, nyasi au vitawi laini mpaka rundo lifike magotini. Ukilala juu yake litabonyea, na unataka libaki na unene usiopungua shubiri moja chini ya nyonga, mahali panapobonyea zaidi. Kisha tafuta gogo jembamba, refu kukuzidi. Ncha moja iweke kwenye panda ya mti au kisiki, kimo cha kiuno. Nyingine iache ardhini. Egemeza fito pande zote mbili, funika kwa matawi yenye majani, halafu rundika majani makavu juu yake, unene wa mkono mzima kutoka vidole hadi kwapa. Ingia ndani utazame juu: ukiona nukta za mwanga, ongeza. Mlango uzibe kwa begi au furushi la majani. Turubai au plastiki likiwepo, liweke juu ya majani, si badala yake, kwa kuwa plastiki huzuia mvua na upepo tu.

Usijenge kwenye mkondo mkavu wa mto, chini ya matawi yaliyokufa, chini ya genge baada ya tetemeko (mitetemeko ya baadaye huangusha mawe yaliyolegea), wala kwenye bonde la chini kabisa ambako hewa baridi hutuama usiku. Kama ulikuwa pwani tetemeko lilipotokea, kaa juu mlimani kwa saa nyingi: tsunami huja kwa mawimbi kadhaa, na la kwanza si lazima liwe kubwa.

7. Na jangwani?

Mchana usifanye lolote. Tafuta au tengeneza kivuli, keti juu ya kitu badala ya mchanga wenyewe, usivue nguo, na funika kichwa na shingo. Kazi zote zifanye alfajiri, jioni au usiku wenye mwezi. Gari lililosimama juani ni tanuri, kwa hiyo kaa kwenye kivuli chake, nje.

8. Naweza kuwasha moto ndani ya kibanda au pangoni?

Kibandani, hapana. Majani makavu yatawaka kabla hujatoka, na moshi wenye kaboni monoksidi huua aliyelala bila kumwamsha. Pangoni, uwashe mdomoni mwa pango, mbali na mwamba unaoweza kupasuka kwa joto, na uhakikishe moshi unatoka.

## Moto

9. Nitawashaje moto bila kiberiti?

Kwa shida. Kupekecha kijiti juu ya ubao hufanya kazi, lakini kwa asiyezoea, hasa akiwa amechoka na kuni zina unyevu, mara nyingi huishia kwenye malengelenge na jasho. Jaribu kwanza njia za mkato. Pekua mabaki ya gari au ndege utafute kiberiti cha gesi. Betri na waya laini wa kusugulia sufuria vikigusana hutoa cheche papo hapo. Lenzi ya kamera, darubini au kioo cha kukuzia hukusanya jua. Miwani hutegemea ni ya aina gani: ya mtu asiyeona vizuri karibu inaweza kuwasha, ya asiyeona mbali hutawanya mwanga na haitawasha kamwe.

10. Kila kitu kimelowa. Nifanyeje?

Achana na vilivyolala chini. Tafuta mti mdogo uliokufa ukiwa umesimama, au matawi makavu yaliyonasa juu. Vunja kijiti: kikilia "ta!" kinafaa, kikipinda kiache. Fito nene huwa zimelowa nje tu. Zipasue upate moyo mkavu, kisha kwangua nyuzi nyembamba kutoka ndani. Utomvu wa miti ya jamii ya msonobari huwaka hata ukiwa na unyevu.

Kabla hujachoma njiti yako ya kwanza, kuni ziwe zimeshapangwa mafungu matatu karibu na magoti yako: nyuzi na vijiti vyembamba vya kujaza kofia, vijiti vya unene wa kalamu vya kujaza mikono miwili, na fito za unene wa kifundo cha mkono. Moto mwingi hufa wakati mtu amekwenda kutafuta kijiti cha pili.

## Maji

11. Nina chupa moja tu. Niyabane maji?

Kunywa ukiona kiu, kwa mafunda ya kawaida, na ubane jasho badala ya maji. Mtu anayefanya kazi juani anaweza kupoteza zaidi ya lita 1 kwa saa, na maji yaliyo kwenye chupa hayakusaidii mpaka yaingie mwilini. Punguza mwendo, kaa kivulini, funga mdomo upumue kwa pua. Mkojo mweusi na mchache ni onyo. Kama huna maji ya kutosha, usile, hasa nyama, kwa kuwa mwili unahitaji maji kutoa taka zake.

12. Nitayapata wapi?

Mvua kwanza: tandaza chochote kisichopitisha maji, ukiinamishe kuelekea chombo. Kisha mabondeni, kwenye mstari wa miti mibichi kuliko mingine, na kwenye kona ya nje ya mto uliokauka, ambako kuchimba kidogo kunaweza kutoa unyevu. Alfajiri funga vitambaa miguuni, tembea kwenye nyasi zenye umande, kamua, rudia. Kazi hii inachosha, lakini inaleta maji kweli.

Kuhusu lile shimo linalofunikwa plastiki ili jua livukize maji: linafanya kazi, ila jasho la kulichimba mara nyingi linazidi maji yake. Kufunga mfuko wa plastiki kwenye tawi lenye majani mabichi, juani, hakukugharimu kitu. Utapata mafunda machache, mradi mmea usiwe na sumu.

13. Nayafanyaje yawe salama?

Chuja kwa kitambaa kilichokunjwa, kisha chemsha mpaka yatokote kwa nguvu dakika 1. Ukiwa juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, dakika 3, kwa sababu huko maji huchemka kwa joto dogo zaidi. Ukipata dawa ya klorini ya kufulia isiyo na manukato (asilimia 5 hadi 9), tia matone 2 kwa lita moja ya maji maangavu, ngoja dakika 30. Maji yakiwa na ukungu, tia matone 4.

Maji ya mafuriko ni jambo jingine. Hubeba mafuta, dawa za mashamba na kinyesi, na kuchemsha hakuondoi kemikali. Ukiona utando wa rangi rangi juu au ukinusa petroli, yaache na ukinge mvua.

Swali linalofuatana na hili daima: nife kwa kiu au ninywe machafu? Kunywa. Vijidudu vingi huchukua siku kadhaa kukulaza na hutibika; kiu haikupi siku hizo. Hili haliyahusu maji yenye mafuta wala ya chumvi.

14. Sina sufuria.

Kopo lolote la chuma lisilo na rangi ndani linatosha. Unaweza pia kupasha mawe makavu motoni na kuyatumbukiza kwenye maji yaliyo ndani ya gogo lenye shimo. Mawe ya mtoni yaache, hupasuka. Bila moto, jaza maji maangavu katika chupa ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita 2, uilaze juani saa 6. Kukiwa na mawingu mazito, siku 2. Maji yenye tope yatulize na uyachuje kwanza, kwani mionzi haipenyi matope.

15. Mkojo, maji ya bahari, theluji, dungusi kakati: nini kinanyweka?

Theluji tu, ikishayeyushwa. Ukiila ikiwa baridi unatumia joto la mwili kuiyeyusha. Maji ya bahari yana takribani gramu 35 za chumvi kwa lita, na figo hazina uwezo wa kutoa mkojo wenye chumvi nyingi kiasi hicho, kwa hiyo kila funda linakuongezea deni. Dungusi kakati nyingi hutapisha.

Mkojo una mtetezi maarufu: Mauro Prosperi, mkimbiaji wa Italia aliyepotea katika Sahara mwaka 1994 baada ya dhoruba ya mchanga, aliunywa na akapona. Lakini alipata pia mahali pa kujikinga na jua, akatembea asubuhi na jioni, akala popo na nyoka. Mimi namsifia kwa kivuli. Mkojo wa mwenye kiu umejaa chumvi. Utumie kulowesha kitambaa cha kichwani.

## Chakula

16. Nitakaa siku ngapi bila kula?

Mtu mzima mwenye afya na maji hukaa wiki kadhaa, akiwa dhaifu siku hadi siku. Siku mbili tatu za kwanza njaa ni kali, kisha hupoa. Watoto 4 walionusurika ajali ya ndege ndogo katika msitu wa Colombia tarehe 1 Mei 2023 walipatikana hai tarehe 9 Juni. Walianza na unga wa muhogo uliokuwa ndani ya ndege, kisha matunda ya msitu, na aliyewaongoza, dada yao wa miaka 13, aliyajua matunda hayo tangu nyumbani. Kwenye theluji ya Andes hakukuwa na jani wala mnyama, na manusura waliishi kwa kula miili ya wenzao waliokufa.

17. Tunda analokula nyani au ndege, nami naweza kulila?

Hapana. Ndege hula matunda yanayoua watu bila kudhurika. Kile kipimo cha kugusisha mdomoni, kungoja, kisha kumeza kidogo, huchukua karibu siku nzima kwa mmea mmoja na hakiwezi kukukinga na uyoga, kwani baadhi ya uyoga wa kuua huonja vizuri na madhara yake huanza saa nyingi baadaye. Kula unachokitambua kwa jina bila shaka yoyote. Uyoga usiguse.

18. Wadudu je?

Ndiyo: panzi, kumbikumbi, mabuu ya kwenye magogo. Ng'oa miguu na mabawa, choma au chemsha ili kuua minyoo. Epuka wenye rangi kali, manyoya au harufu mbaya.

## Majeraha na wanyama

19. Navuja damu nyingi. Nifanye nini peke yangu?

Bonyeza moja kwa moja juu ya jeraha kwa kitambaa na uzito wako wote, bila kuchungulia kila mara, angalau dakika 10. Ikiwa ni mkono au mguu na damu inaruka licha ya kubonyeza, funga kitambaa kipana umbali wa sentimita 5 hadi 7 kutoka kwenye jeraha, upande wa kuelekea moyoni, si kwenye kiwiko wala goti, pitisha kijiti ukizungushe mpaka damu ikome, kisha andika saa. Kukata damu hivyo kwa muda mrefu kunaweza kukugharimu kiungo, kwa hiyo ni hatua ya mwisho. Usiiruke inapohitajika.

Kifundo cha mguu kilichoteguka kifunge ndani ya kiatu. Ukivua, uvimbe hautakiruhusu kirudi. Mfupa uliovunjika ufunge kwenye fito mbili zilizowekwa nguo, zikivuka kiungo cha juu na cha chini, na hakikisha vidole havifi ganzi wala kupoa.

20. Kidonda kimeingia mabuu ya nzi.

Inatisha kuliko inavyodhuru. Osha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, toa yanayoonekana, funika ili nzi wasitage tena. Koepcke (swali la 1) alipata petroli kwenye mashua, akamimina kidondani na mabuu mengi yakatoka. Petroli huunguza nyama, na sipendekezi kuigeza njia hiyo ikiwa kuna maji safi.

21. Nyoka ameniuma, au mnyama mkubwa ananitazama.

Kwa nyoka: usichanje, usinyonye, usifunge kamba. Vua pete na saa kabla ya uvimbe, lala, funga kiungo kwenye fito kisitikisike. Si kila kung'atwa huingiza sumu. Kama watu wako karibu, nenda polepole; kama hawapo, tulia na uelekeze nguvu kwenye ishara. Sumu ikirushwa machoni, osha kwa maji mengi.

Kwa simba, chui au puma: usikimbie wala kumpa mgongo. Jikuze kwa kuinua koti, piga kelele, rudi nyuma taratibu. Kwenye maji yenye mamba, chota kwa chombo chenye kamba, na usirudie sehemu ileile kila siku. Baada ya yote hayo, mbu ndiye wa kuhofia zaidi: funika ngozi jioni, na kaa upande wa moshi.

## Kuonekana na kusikika

22. Nitumie ishara gani?

Chochote mara tatu. Mioto mitatu, milio mitatu ya filimbi, mapigo matatu kwenye bati: tatu hutambulika kimataifa kama wito wa msaada. Filimbi husikika mbali kuliko sauti na haikaushi koo. Mchana moshi unashinda moto. Majani mabichi hutoa moshi mweupe unaoonekana msituni, mpira au oili hutoa mweusi unaofaa kwenye theluji au mchanga.

Kioo ni silaha kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Kifuniko cha kopo, diski, hata uso wa simu iliyozimika hufaa. Nyoosha mkono mbele, tenganisha vidole viwili, weka ndege katikati yake. Mkono mwingine ushike kioo karibu na jicho, ukichezeshe mpaka mng'ao uguse vidole vyote viwili. Sasa mwanga unampiga rubani.

Ardhini, panga herufi V kuomba msaada au X kuomba matibabu, zenye urefu wa angalau mita 2.5, kwa kitu chenye rangi tofauti na ardhi. Kubwa zaidi ni bora.

23. Simu ina chaji kidogo na haina mtandao.

Iweke kwenye hali ya ndegeni, punguza mwanga, na kwenye baridi ilaze karibu na mwili, maana baridi huzimisha betri. GPS haihitaji mtandao: fungua ramani, andika latitudo na longitudo kwenye karatasi. Mara chache kwa siku, panda mahali pa juu, washa mtandao, tuma ujumbe mfupi wenye namba hizo, uzime tena. Ujumbe hupenya pale simu inapokatika. Piga 112 hata kama mtandao wako haupo. Wito wa dharura hupitia mtandao wowote unaoshika. Baadhi ya simu zilizotoka kuanzia mwaka 2022 hutuma ujumbe wa dharura kwa setilaiti, ukiwa mahali pa wazi na katika nchi yenye huduma hiyo.

24. Helikopta imepita bila kuniona.

Hutokea mara nyingi msituni. Usiifuate mbio. Wanaotafuta hupita kwa mistari, kwa hiyo inaweza kurudi karibu na hapo. Hamishia ishara kwenye uwazi au ukingo wa mto, acha moto umeshapangwa tayari kuwashwa, na kioo kikae shingoni. Ikitua, kaa chini mbali, shika vitu vinavyopeperuka, usikaribie mpaka uitwe, na kamwe usipitie mkiani.

## Ukilazimika kutembea

25. Nitajuaje kwamba sizunguki?

Utazunguka usipokuwa na alama. Utafiti wa Jan Souman na wenzake, uliochapishwa mwaka 2009 na kufanyika katika msitu wa Ujerumani na jangwa la Sahara upande wa Tunisia, ulionyesha watu wakipiga duara pale jua au mwezi ulipofichika, huku wakiamini wananyooka.

Chagua miti mitatu iliyo kwenye mstari mmoja. Ukifika wa kwanza, tafuta mwingine nyuma ya wa tatu. Kupata upande, simika kijiti, weka jiwe kwenye ncha ya kivuli, ngoja dakika 20, weka jiwe la pili. Jiwe la kwanza liko magharibi ya la pili. Usiku, kusini mwa ikweta, tafuta Msalaba wa Kusini (nyota nne zenye umbo la msalaba), refusha mhimili wake mrefu mara nne na nusu, kisha shuka wima hadi upeo: hapo ni kusini. Kuvu na ukoga kwenye miti usiviulize njia.

26. Ni kweli ukifuata mto utafika kwa watu?

Mara nyingi, na ndivyo Koepcke alivyofanya kwa kuwa wazazi wake, wataalamu wa wanyama waliofanya kazi msituni, walimfundisha hivyo. Alipatikana baada ya siku 11. Lakini mto pia huangukia kwenye maporomoko, hupotelea kwenye kinamasi, na mingine huishia jangwani. Ufuate kutoka juu ya ukingo, si kwenye korongo lake.

Baada ya mafuriko, usiuvuke. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima, na sentimita 60 hubeba magari mengi. Ngoja, mito ya milimani hupungua haraka mvua ikikatika, na mara nyingi huwa chini zaidi asubuhi.

## Mambo yasiyoulizwa kwa sauti

27. Nasikia watu wakizungumza, au nahisi mtu yuko nami. Nimerukwa na akili?

Hujarukwa. Mvumbuzi wa Antaktika Ernest Shackleton na wenzake wawili walipovuka kisiwa cha South Georgia, kusini mwa Atlantiki, kwa miguu mwaka 1916, kila mmoja wao alihisi kuna mtu wa nne anayetembea nao. Uchovu, njaa na upweke hufanya hivyo. Akikutuliza, mwache awepo. Ila sauti ikikuita uondoke usiku au uvue nguo kwenye baridi, rejea dalili za swali la 5 na ujipashe joto kwanza.

Upweke wenyewe unapungua kwa kazi ndogo zenye saa zake: kuni asubuhi, maji adhuhuri, kukagua miguu jioni. Ongea kwa sauti. Hesabu siku kwa alama kwenye fimbo.

28. Niko na maiti za wenzangu. Ni hatari? Naweza kuchukua vitu vyao?

Maiti za waliokufa kwa ajali au janga kwa kawaida hazileti mlipuko wa magonjwa. Tahadhari ni mbili: zisiwe karibu na maji ya kunywa, na unawe ukizigusa. Kama una nguvu, zihamishe kando na uzifunike. Kama huna, hama wewe, ubaki mahali ambapo bado unayaona mabaki ya chombo. Chukua makoti, viatu, viberiti na simu bila kujilaumu. Andika ni nani na yuko wapi, familia zitauliza.

29. Nimepatikana. Naweza kula nishibe?

Usishibe siku hiyo. Kuanzia takribani siku 5 bila chakula, mlo mkubwa wa ghafla, hasa wanga na sukari, huvuta fosfeti na potasiamu kutoka kwenye damu kwa kasi inayoweza kuusimamisha moyo. Hilo lilionekana kwa wafungwa waliokombolewa kambini mwaka 1945, mwisho wa Vita vya Pili vya Dunia, walipopewa chakula tele. Kunywa kidogo kidogo, kula vijiko vichache, na waambie waliokupata umekaa siku ngapi bila kula kabla hawajakupa chochote kwa huruma. Waambie pia kama kuna wengine uliowaacha nyuma, na uonyeshe upande ungali una fahamu.